Unga wa Maharusi

Aghbala, 20 Novemba 2004

Mwanangu Basso,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa darasa la msikitini amekaa hapa pembeni na nimemkataza kuchungulia. Aliniambia, "Tuda, mwaka mzima unaniandikia 'mlango' na 'punda'. Mwandikie mwanao basi." Haya, naandika. Ukikuta herufi imelala ujue nilichoka.

Tangu upande basi baada ya Idi sijala nikashiba. Ulipovua shati kunawa pale uani niliona mbavu zako zote, moja moja. Halafu kwenye tanuri la mkate Hadda akaniuliza mbele ya wanawake wote, "Tuda, mwanao ni mkimbiaji au ni ufito wa kuanikia nguo?" Wakacheka. Mmoja akanitetea, akasema wanariadha wote wako hivyo. Hadda akajibu, "Huenda. Au huenda mama yake hamfunulii sufuria." Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nililia juu ya unga.

Baba yako anasema, "Mwache mtoto. Kijana wa mbio hanenepeshwi kama kondoo wa Idi." Baba yako hakukuzaa yeye.

Kondakta atakupa bati. Nimekukaangia selu mpya, si ile iliyobaki Ramadhani. Ina unga wa ngano, lori, ufuta, anisi, asali, na samli ya ng'ombe wetu. Na nimetia kitu cha kukupa mwili, nimekipata kwa Maati muuza viungo. Usiniulize, ni mambo ya wanawake. Kula vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, na usimgawie mtu.

Lakini yale makopo yenu, mwanangu, yatupe. Nilikuona ukikoroga ule unga mweupe kwenye maziwa. Kopo lina picha ya mwanamume mwenye mikono minene kama mapaja. Nani anajua walichotia humo? Wewe una mama, wa kopo ana nani?

Mama yako,
Tuda

*

Ifrane, 3 Desemba 2004

Mama yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye theluji mpaka vidole vikafa ganzi. Mama yangu anaandika! Ila Mama, "unga, lori, ufuta"? Umesahau nukta juu ya ze, ikasomeka re, na lozi zako zimegeuka lori. Zayd alicheka mpaka akakaa chini. "Ndiyo maana unatuacha mlimani," akasema, "mama yako amekutilia lori zima!"

Zayd ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Kwao ni Timahdite, anakimbia mita elfu tano, na hana mdomo unaofungwa. Usihofu kuhusu kugawa. Selu yeye hawezi, akila lozi koo linavimba.

Kuhusu makopo, ni unga wa maziwa tu. Binamu yake Zayd ana duka Fes. Juzi kocha alituita wote. Alisema makopo mengi hayafanyi lolote ambalo bakuli la dengu halifanyi, na machache yana kitu ambacho hakikuandikwa juu, na mtu akinaswa asije kumlilia kwamba hakujua. "Kinachopita kinywani mwako ni chako." Mimi na Zayd tukatazamana. Tumekubaliana tumalize hili moja, basi.

Selu yako ni tamu kuliko zote ulizowahi kupika. Naila nikiwa nimefumba macho, najiona jikoni kwetu.

Mwanao,
Basso

*

Aghbala, 12 Januari 2005

Mwanangu,

Picha uliyonitumia imefika. Nimempelekea Hadda palepale tanurini. Nikamwambia, "Tazama ufito wangu umeota mashavu." Akaigeuza huku na huku, akasema, "Huyu si wako, wako alikuwa na macho mawili na pua basi." Hata yeye alifurahi, mdomo wake tu ndio mchafu.

Unaona sasa? Si kopo lililofanya hivyo. Ni mkono wa mama. Natuma bati la pili. Lozi nimeziwekea nukta, mwalimu amekagua.

Usiruke hata siku moja. Vijiko viwili, viwili.

Mama yako,
Tuda

*

Ifrane, 8 Februari 2005

Mama,

Usiogope nikikuambia hili, sasa nimepona. Bati la pili lilipoisha njia ilikuwa imezibwa na theluji, basi halikupita siku kumi. Siku ya nne niliamka miguu kama sufi. Nikisimama dunia inazunguka, chakula nakitapika, na kukimbia nakimbia nyuma ya wasichana. Kocha akadhani ni mafua. Kisha basi likafika na bati lako, na baada ya siku mbili nikawa farasi tena. Zayd anasema, "Muulize mama yako ametia nini humo, na mimi nile hata kama nitavimba koo!"

Hapa wamenipa jina. Nikiingia chumba cha chakula wanapiga kelele, "Mwezi umechomoza!" kwa sababu ya uso wangu wa duara. Usingizi umepungua kidogo, sijui kwa nini. Lakini muda wangu, Mama! Sijawahi kukimbia hivi. Tarehe sita Machi tuna mbio za Meknes. Watatu wa kwanza wanakwenda nje kuwakilisha nchi. Nikiwa kati ya hao, mtakuja uwanja wa ndege kuniaga, wewe na baba.

Basso

*

Aghbala, 21 Februari 2005

Mwanangu,

Barua yako ya theluji imeninyima raha. Nilimuuliza mtu anayejua mambo haya, akacheka, akasema ni baridi tu, na mwili uliozoea chakula cha nyumbani hukilalamikia kikikosekana.

Basi nimetengeneza mabati mawili ili usikose tena. Hili lenye uzi mwekundu ndilo la wiki ya mbio. Nimelipika kwa mkono mzito. Anza nalo Jumatatu.

Baba yako ameshapeleka kanzu yake kwa fundi kwa ajili ya uwanja wa ndege. Mimi nimemwambia asubiri, na mimi mwenyewe nimeshanunua viatu.

Tuda

*

Ifrane, 30 Machi 2005

Mama,

Umesikia kwamba nilikuwa wa pili. Sikuwa na nguvu ya kuandika kilichofuata.

Baada ya mbio walichukua mkojo wa wale watatu wa kwanza, ndivyo inavyofanywa. Wiki iliyopita imekuja karatasi. Wameona dawa ndani yangu. Ina jina refu linaloanza na deksa. Daktari wa timu akanieleza kwamba hupewa wagonjwa, na kwa wagonjwa ni dawa nzuri, inaokoa watu. Lakini kwa mtu mwenye afya kama mimi inavimbisha uso, inafukuza usingizi, inakula mifupa polepole, na mwili unasahau kutengeneza nguvu yake wenyewe. Na siku ya mbio imekatazwa.

Niliapa sijameza kidonge. Wakauliza, "Basi umekula nini kisichotoka jikoni kwa kambi?" Nikasema kopo. Kopo la nani? La Zayd.

Mama, ungemwona. Alisema, "Basso, mimi nimekunywa kopo lilelile!" Lakini yeye siku ile alikuwa mgonjwa wa goti, hakukimbia, hakupimwa. Na kopo tulishalitupa. Kocha akasema kuna mtu hapa anaingiza uchafu kambini. Asubuhi yake Zayd alifunga mzigo. Mlangoni akaniuliza, "Unaamini kweli nimekutilia sumu?" Nilimtazama viatu.

Ulinionya kuhusu makopo, na mimi nikakucheka. Nisamehe.

Basso

*

Aghbala, 9 Aprili 2005

Mwanangu,

Nimesoma. Mungu ni mkubwa.

Selu sitatuma kwa sasa, lozi zimeadimika sokoni.

Huyo Zayd, ana mama?

Nenda kwa daktari akutazame vizuri. Mwambie akutazame vizuri.

Tuda

*

Ifrane, 27 Aprili 2005

Mama yangu,

Naandika nikiwa kitandani, zahanati ya kambi. Nilianguka kwenye mazoezi, si kwa kujikwaa, nilianguka tu kama gunia. Walipopiga picha wakakuta mfupa wa muundi una ufa. Shinikizo la damu liko chini sana. Daktari ananiuliza kila siku, "Kuna kitu ulikuwa unatumia ukaacha?" Namwambia hakuna. Ananitazama kama mwongo.

Uamuzi umetoka. Miaka miwili nisishindane popote. Kuhusu Zayd, uliuliza. Ndiyo, ana mama, anafuma mazulia. Alikuja hapa kambini kwa miguu kutoka kituo cha basi akasimama getini, hawakumfungulia. Mimi nilimwona dirishani.

Mama, nakuomba kitu kimoja. Hata kama lozi hakuna, nikaangie hivyohivyo. Selu yako ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinanishikilia. Watu wote hapa wamenidanganya, wewe tu hujanidanganya.

Basso

*

Aghbala, 29 Aprili 2005

Basso, kabla hujasoma zaidi mpe daktari barua hii. Mpe sasa hivi. Mwambie mama yangu amenitilia deksa kwenye selu tangu Novemba, kila siku, na tangu Aprili nimekosa. Daktari wa kituo cha afya hapa amesema haiachwi ghafla, mtu anaweza kufa. Kondakta nimemwapisha asilale njiani. Mpe kwanza. Nitasubiri.

Sasa soma.

Vilikuwa vidonge. Vidogo, vyeupe, ndani ya kipande cha gazeti kilichosokotwa. Havina jina wala sanduku. Maati anaviita vidonge vya maharusi. Wewe ni mwanamume huyajui haya. Msichana mwembamba akiposwa, mama yake huenda kwa Maati, na kabla ya harusi msichana amejaa, mikono imejaa, uso umejaa, na watu wa bwana harusi wanasema mama huyu anajua kulea. Hakuna anayeuliza. Nilipomwambia Maati ni kwa mwanangu wa kiume alicheka, "Na yeye anaolewa lini?" Akanifungia.

Nilivitwanga kwenye kinu pamoja na anisi, maana ni vichungu. Nilionja kwa ulimi. Uchungu ulipopotea nikajisifu.

Ulipoandika mambo ya theluji nilirudi kwa Maati. Nikamwambia mtoto alianguka vilipoisha. Akasema, "Basi unaona vinavyofanya kazi." Na mimi nikaona. Bati la uzi mwekundu nilitia mara mbili. Kwa ajili ya Meknes. Mkono mzito niliokuandikia ndio huo.

Karatasi yako ya Machi ilipofika, nilisoma lile neno deksa herufi kwa herufi kwa kidole. Nilichukua vilivyobaki nikampelekea daktari wa kituo cha afya, yule binti mwenye miwani. Akaviangalia. "Umempa mgonjwa gani?" Nikasema, "Mkimbiaji." Akaweka kalamu chini. Akaniambia yote, na akaniambia nikupigie simu siku hiyohiyo.

Nilikwenda mpaka kibanda cha simu. Mwenye kibanda akanipigia namba yenu, ikalia, mtu akasema "Alo?" Nikakata. Nikajiambia, nikiacha kutuma itatosha, itamtoka yenyewe, hatajua. Nikaandika kwamba lozi zimeadimika. Sokoni zilikuwa zimejaa magunia, Basso. Nilimwelewa daktari vizuri sana. Niliogopa uso wako kuliko nilivyoogopa kifo chako, na hilo ndilo sijui nitamwambia nini Mungu.

Nilikuambia uogope kopo kwa sababu hatujui walichotia humo. Kopo la Zayd lilikuwa na maandishi pande zote. Bati langu halikuwa na herufi hata moja, na wewe ulilila ukiwa umefumba macho.

Jumatatu naenda Rabat na baba yako, kwa hao waliokuhukumu. Nitachukua kinu, nitachukua na vidonge. Baba yako hasemi nami, lakini amekubali kubeba kinu.

Mama yako, kama bado,
Tuda

*

Timahdite, 2 Septemba 2005

Mama Tuda,

Nimepata barua yako, na ile ya shirikisho pia. Wameandika kwamba sina kosa, naweza kurudi kambini. Karatasi nzuri, ina muhuri. Mama yangu ameibandika ukutani juu ya kitanda cha kufumia, anamtaka kila mgeni aisome, hata asiyejua kusoma.

Unaniomba radhi. Wewe nimekusamehe, sikudanganyi. Mama yangu naye alishawahi kunipaka mafuta ya taa kichwani kuua chawa, nusura niungue. Akina mama mna vita vyenu na miili yetu. Aliyenishinda ni Basso. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja miaka miwili, tuliazimana soksi. Nilimuuliza swali moja mlangoni, akanitazama viatu.

Kambini sirudi. Binamu yangu amenipatia kazi Uhispania, kuchuma nyanya, naondoka mwezi huu. Hadi leo nikiona lozi nawaza, kumbe zile ndizo zilizoniokoa. Mwambie Basso lile lori lake lilinikosa padogo.

Zayd

*

Aghbala, 12 Oktoba 2005

Mwanangu Basso,

Hii ni barua ya tano na wewe hujajibu. Sikulaumu. Kocha wako ndiye anayeniambia unatembea bila gongo sasa, na kwamba unasaidia kushika saa mazoezini. Ameniambia pia uso wako umerudi mwembamba. Nilifurahi. Ona mambo, nimefurahi kwamba umekonda.

Wale wa Rabat walinisikiliza. Wanaume watatu na mwanamke mmoja. Baba yako aliweka kinu juu ya meza yao ya kioo, mmoja akashtuka. Wakapunguza miaka miwili ikawa mmoja, na zaidi ya hapo wakakataa. Nikawaambia, mwanangu hakujua. Yule mwanamke akanijibu kwa upole kabisa, maneno yaleyale ya kocha wenu, kwamba kinachopita kinywani mwake ni chake. Nikamwambia, "Binti yangu, nani alikufundisha kufungua kinywa kwanza? Si mama yako?" Akakitazama kinu. Lakini sheria ni sheria.

Kwa Maati sikukaa kimya. Nilisimama mbele ya duka lake Jumatano, soko limejaa, nikasema yote, na langu nikalisema. Hadda alinishika mkono tukarudi naye. Binti yake anaolewa baada ya Idi. Ataolewa vilevile alivyo.

Barua ya Zayd naitia humu. Isome. Anwani ya binamu yake iko nyuma.

Ramadhani imeingia, na mikono yangu haikuweza kukaa. Nimekutumia bati. Juu yake nimebandika karatasi. Nimeiandika mwenyewe, mwalimu hajaigusa:

Unga wa ngano, nimeukaanga.
Lozi.
Ufuta.
Anisi.
Mdalasini.
Asali.
Samli ya ng'ombe wetu.
Chumvi kidogo.
Hakuna kingine. Tuda, mama yake Basso.

Usipotaka kula, wape kuku wa kambi. Lakini soma karatasi.

Tuda

*

Ifrane, 30 Oktoba 2005

Mama,

Bati limefika. Zayd nimemwandikia, sijui kama atajibu.

Karatasi nimeibandua nikaiweka kwenye daftari langu la mazoezi. Nimeisoma mstari kwa mstari. Safari hii lozi umeiwekea nukta mwenyewe, nyeusi, umeikandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Nimeiona, Mama.

Bati bado sijalifungua.

Basso